Mama Mwanasiti, Ile Mbegu ya Nyange

Mama,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, maana huko uliko hakuna malaria wala magoti ya kuuma, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wewe ndiye wa kuniuliza mimi hali, nami nakujibu kabla hujauliza: katika Kwale nzima, kuanzia Matuga hadi mpakani Lunga Lunga, hakuna mtu mwenye bahati kama mwanao. Warithi wengine wameachiwa nyumba ya mabati yenye kutu na kesi ya mpaka wa shamba. Mimi nimeachiwa mbegu ya Nyange, mpunga wako. Kanda lako la mpunga, lile la ukili, liko palepale juu ya uchaga wa jikoni, limejaa mpaka limevimba kama tumbo la mpishi wa hoteli. Moshi unalipitia asubuhi na jioni, nami nimetandika mkeka chini yake kama askari wa benki. Panya wote wa hapa Jego wanalijua jina langu. Na wanawake wa bonde zima, Mama, wale wale waliokuwa wakikucheka, wanabisha hodi mlangoni kwangu, mimi Salimu, mwanamume mzima, kuniomba mbegu! Wananisalimia kwa adabu ambayo sikuwahi kuipata hata siku nilipovaa saa niliyopewa na Mtaliano mmoja. Mvua ikishuka nitagawa. Niombe bahati gani tena?

Najua kusoma hukusoma. Lakini huko hawakosekani wa kukusomea, na malaika akikusomea hataongeza chumvi kama nilivyokuwa nikiongeza mimi. Unakumbuka barua za mumeo kutoka Mombasa, alipokuwa akibeba magunia bandarini? Nilikuwa darasa la nne, msomi pekee wa nyumba ile. Yeye aliandika mistari mitano tu: amefika, ana kikohozi, atumwe mtu akachukue sabuni. Mimi nikasimama mlangoni, nikajikohoza kama khatibu, nikasoma: "Ewe ua la moyo wangu, chakula hakipiti kooni nikiukumbuka wali wako." Ulikuwa ukipepeta mchele, ungo ukasimama hewani. Ukaniambia, "Salimu, mume wangu mimi maneno hayo hayajui." Halafu ukautua ungo, ukasema, "Hebu soma tena." Nikasoma tena, na mara ya pili nikatia waridi.

Watu wa Diani wakiniuliza, mimi husema wewe ni mama yangu mzazi. Si uongo mkubwa huo. Mdogo wako alinizaa, akafa, wewe ukanilea, na kwa sisi Wadigo mtoto wa dada ni mtoto wako bila karatasi wala shahidi. Lakini wewe ulizidi. Wewe ulinitafunia mpaka meno yakaota, na yalipoota nikaenda kuwachekea nayo wazungu.

Sasa habari.

Tangu uondoke, mto wetu Umba umekuwa kama mtu aliyefiwa, hauna utaratibu. Vuli hii iliyopita mto ulikuja kutoka Usambara ukiwa mwekundu, umebeba migomba mizima na mlango wa nyumba ya watu, mlango na kufuli lake. Ukachukua daraja letu la magogo ya minazi. Ukapanda mashambani, ukakaa siku nne kama mgeni asiyejua kuaga. Ule mpunga mfupi wa dukani, ule waliokuwa wakiusifu kuwa unaiva haraka, ulizama wote. Maji yalipotoka ulikuwa umelala kwenye tope kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa. Hakuna aliyevuna, Mama. Hakuna hata aliyepika pepeta. Msimu mzima umepita bonde halijasikia mchi ukitwanga mpunga mbichi.

Hapo ndipo walipokukumbuka. Riziki alikuwa wa kwanza. Ndiyo, Riziki huyu huyu jirani yetu, ambaye shamba lake na lako yanatenganishwa na tuta moja, na ambaye ndiye anayewapanga wanawake siku za kulimiana kwa zamu. Riziki aliyekuwa akikupitia na jembe begani akisema, "Mama Mwanasiti, huo mpunga wako ni bibi harusi? Miezi sita anajipamba tu!" Alikuja na wenzake wanne, wakaketi barazani. Nikawaletea maji, nikawaletea na hadithi ya kule Chale nilipokula kamba wakubwa kama mkono wangu. Akanikata: "Kapteni, kamba wako tumewasikia. Tumekuja kwa ajili ya Nyange."

Nikamwambia mvua bado.

Akaja tena wiki iliyofuata. Nikamwambia mbegu haipendi kuteremshwa kabla ya radi ya kwanza. Akanitazama. Akasema, "Usituzungushe kama unavyowazungusha wazungu wako. Mimi nikipanda wa dukani tena mto ukapanda, bonde hili naliacha. Nitakwenda kuosha vyombo Ukunda, na watoto wangu watakuwa watu wa Ukunda." Halafu akainua macho akalitazama kanda juu ya uchaga, akalitazama kama mtu anayeitazama Kibla. Akaondoka bila kuaga, na Riziki si mtu wa kutoaga.

Nilipokuwa Diani nilidhani hakuna nisichokijua. Nilikuwa na Kijerumani cha kuuzia, Kiitaliano cha kusifia na Kiingereza cha kugombania. Waliniita Kapteni, ingawa chombo pekee nilichowahi kukiendesha ni toroli la masanduku ya wageni. Nikija nyumbani nikikutazama unavyoinama kwenye tope, nilikuonea huruma, Mungu anisamehe. Kumbe mwenye kuhurumiwa alikuwa mimi niliyevaa viatu vyeupe.

Unawakumbuka wale Wajerumani wawili, mume na mke, niliowaleta siku ile kuona bonde? Nilikuwa nimewasimulia njia nzima kwamba mimi ni kizazi cha masultani wa Vumba Kuu, na kwamba nitawaonyesha malkia mwenyewe. Tukakukuta juu ya dungu, katikati ya shamba, unaamia ndege wasile mpunga, kitambaa kichwani na teo mkononi. Ukauliza, "Umewaambia nini hawa?" Nikasema nimewaambia sisi ni ukoo wa masultani. Ukasema, "Waambie sultani wetu alishindwa na chiriku." Ukamshika yule mama mkono, ukampandisha dunguni, ukampa kamba ya makopo avute. Akavuta mpaka jua la saa sita. Mumewe akawa anakimbia tutani akiwatukana chiriku kwa Kijerumani, nao wakaondoka kabisa. Nadhani hawajawahi kutukanwa kwa lugha ile.

Halafu mlipokaa kivulini kunywa uji, ukawasimulia, nami nikatafsiri. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutafsiri bila kuongeza, kwa sababu sikuona pa kuongezea.

Uliwaambia mto huu hatukuuzaa sisi. Umezaliwa milimani Usambara, kwa watu wa migomba na baridi. Ukateremka nyika kavu, kwa Waduruma na Wakamba, ambao wao wakiona maji wanaona ng'ombe na mbuzi wananywa. Ukaingia kwetu Wadigo, wa ng'ambo Tanzania na wa huku Kenya, watu wa tumbo moja wenye vitambulisho viwili. Ukaishia Vanga kwa Wavumba na Wasegeju, ukazama kwenye mikoko, na jirani ya hapo ndipo ulipokuwa mji wa zamani wa Vumba Kuu, ambao leo ni mawe na mizizi. Na Wamakonde walikuja kutoka kusini kukata mkonge na miwa, mashamba yakafungwa, wao wakabaki, wakazika wazee wao hapa, na miaka mingi wakaishi kama wageni kwenye makaburi ya babu zao kwa kukosa kitambulisho. Ukasema kila mtu alileta kitu bondeni. Wavumba walileta ng'onda, samaki wa kukausha, Waduruma maziwa ya mgando ya kulia wali, Wamakonde walituchongea vinu, na sisi tulileta mpunga na maneno mengi. Yule mama akauliza masultani walileta nini. Ukafikiri. Ukasema, "Walileta kodi." Nilicheka mpaka nikashindwa kutafsiri.

Kisha ukavunja suke moja ukamwonyesha. Nyange. Jina lake lote Unyoya wa Nyange, kwa vile likiiva linainama jeupe kama manyoya ya shingo ya yule ndege. Mpunga mrefu, mvivu, wenye kiburi, ambao mto ukipanda nao unapanda, ukinyoosha shingo juu ya maji kama mtu anayevuka na nguo kichwani. Na ukiupika, jirani wa tatu anajua. Ukasema bibi yako alipewa na mwanamke wa Kisegeju mwaka wa njaa, naye yule alikuwa ameupata kwa mke wa mvuvi wa Vanga, na wewe ukaupeleka kwa Wamakonde, kwa Waduruma, na ng'ambo ya mpaka kwa shoga yako Bi Nimwaka. Ukamwambia yule mama, nami nikatafsiri: akitaka kuwajua watu wa Umba, asiulize mtawala alikuwa nani, aulize mbegu ilitoka mkono gani ikaingia mkono gani.

Akataka kuondoka na kiganja kimoja cha mbegu. Ukamuuliza lile swali lako, "Utampa nani?" Kwa sababu ndivyo mlivyogawana ninyi wanawake wa bonde. Mbegu haiuzwi, na haitolewi kwa mtu asiyekuwa na mtu. Anayeomba anatandaza upindo wa khanga, anaulizwa atampa nani yeye, anataja jina, ndipo anamiminiwa viganja viwili. Na asante haisemwi. Yule mama alifikiri, akasema nyumbani kwake anaishi na paka. Ukampa suke la kupamba ukuta, ukamwambia, "Hili la kutazama tu, mwanangu." Alilia, unakumbuka? Sikujua kwa nini analia. Siku hizi najua.

Na mimi uliniuliza. Wodini, Msambweni, siku ile shuka ilikuwa na maua ya bluu. Ulikuwa umepungua mpaka pete inazunguka kidoleni. Ukaniita, nikainama, ukasema, "Salimu, Nyange utampa nani?" Nami, bila aibu, nikajibu, "Nitampa mzungu wa kwanza atakayenioa." Ulicheka mpaka ukakohoa, muuguzi akaja kunikaripia mimi. Ulipotulia ukasema, "Mpe Riziki. Ananicheka, lakini anaamka mapema." Ukanishika kidole kimoja, hiki cha shahada, ukakishika kama ulivyokuwa ukikishika tukivuka mto. Sikujua tunavuka. Nilikwenda nje kukununulia dafu, niliporudi wamekwisha kukufunika uso. Lile dafu nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili. Sikuweza kulinywa.

Nisikuhuzunishe. Nikwambie arubaini yako, maana hiyo haijawahi kuonekana Jego. Nilialika mimi. Nilisema, mama yangu hawezi kusomewa hitima na watu kumi na sahani saba. Walitoka Ukunda, walitoka Diani, mpaka meneja mmoja wa hoteli alikuja na kofia ya kuazima, ameivaa nyuma mbele. Walitoka ng'ambo, Bi Nimwaka akashushwa pikipiki kama yai. Watu walijaa ukumbi, wakajaa uwanja, wakaketi hadi chini ya mkorosho wa Riziki. Wapishi walikuwa wanakimbia. Na wali, Mama! Mpaka leo ukipita sokoni Lunga Lunga wanausimulia wali ule ulioletwa mwisho. Hakuna aliyeondoka na njaa. Nilisimama mlangoni kifua mbele, kila anayetoka ananishika mkono, "Salimu, umemheshimu mama yako." Nikajiona nimemaliza kazi ya mtoto.

Basi mwezi uliopita nikaona si vibaya nikiupanda mto. Si kwa shida yoyote. Mtu mwenye kanda zima haendi kuomba, anakwenda kukagua. Nilitaka tu kuona zile mbegu ulizogawa kama bado zipo hai, niwape na salamu zako. Nikaanzia Vanga, kwa wale jamaa zako wa karibu na mikoko. Wakanikaribisha kwa ng'onda na chai ya tangawizi, wakakulilia upya. Nikauliza Nyange. Wakanipeleka nyuma ya nyumba, wakanionyesha. Maji ya chumvi yameingia lile shamba, limekuwa jeupe kama sahani. Mzee wao akasema sasa anapanda miche ya mikoko, nayo inakubali. Alisema kwa fahari, lakini hakunitazama machoni.

Nikapita kwa yule fundi wa Kimakonde aliyekuchongea kinu. Yeye amekufa, Mungu amlaze pema, ila kitambulisho amekipata kabla hajafa, kimetundikwa ukutani ndani ya kioo kama picha ya harusi. Mkwewe akaniambia, "Ule mpunga mrefu? Tuliula mwaka wa ukame, mpaka punje ya mwisho. Mama mkwe aliupika huku analia, sisi wengine tukadhani ni moshi." Nikaomba maji ya kunywa, nikaondoka.

Kwa mume wa shoga yako Mduruma, kule nyikani, nilicheka kidogo. Mzee alitoka nje na fimbo, nikamuuliza Nyange, akanyoosha fimbo kwa kundi lake. "Hao," akasema. "Warithi wote hao hapo. Waliingia ghalani mchana kweupe, na yule mwenye ndevu ndiye aliyekula mbegu ya shoga wa mke wangu." Nikamtazama yule beberu. Akanitazama. Wallahi nilimwonea haya kuliko alivyonionea yeye.

Ikabaki ng'ambo. Mpakani ofisa akaniuliza madhumuni ya safari. Nikamwambia biashara ya kimataifa. Akauliza bidhaa gani. Nikasema salamu. Akanigongea muhuri huku anatikisa kichwa.

Bi Nimwaka macho yamekwisha kabisa sasa. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba anasuka ukili kwa vidole tu. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti, akanivuta akaninusa kichwa kama mtoto mchanga. Nikaanza hadithi zangu. Nikamweleza uchaga, kanda lilivyojaa, wanawake wanavyokuja, na kwamba nimepita tu kuangalia kama na yeye amebakisha kidogo, tulinganishe. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Halafu akasema, "Salimu, mtu mwenye kanda zima hapandi pikipiki mpaka huku Duga kutafuta viganja viwili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akauliza, "Utampa nani?"

Nikasema, "Riziki." Sikuongeza neno.

Akainama chini ya kitanda, akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta, akakitikisa karibu na sikio langu. Zikalia ndani. Mama, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nikatandaza mikono. Naye akakirudisha kibuyu chini ya kitanda. Akasema, "Ipo. Lakini leo sikupi. Mimi nilikuwepo kwenye arubaini, mwanangu. Macho yangu yamekufa, pua yangu haijafa. Nilipotia tonge la kwanza kinywani nililitambua, nikalimeza kwa sababu nilikuwa kwenye hitima ya mwenzangu. Nenda kamwambie Mwanasiti kwanza. Kwa mdomo au kwa kalamu, ujuavyo. Usimwongezee kitu. Ukimaliza, rudi."

Nimekwenda kaburini mara tatu. Mara ya kwanza nilikueleza habari za hali ya hewa. Mara ya pili nikakueleza mpira. Mara ya tatu nilikung'olea majani yote mpaka kaburi likang'aa, nikakusomea Yasini, nikarudi nyumbani. Ndipo nikanunua daftari hili. Nimejaza kurasa saba, kalamu imeanza kukwaruza, na radi imelia jana upande wa Usambara. Riziki ameisikia. Nilimwona ametoka nje, amesimama tutani na mkono kiunoni, anatazama kwangu.

Ninavyokukosa hakuandikiki. Nakikosa kikohozi chako cha alfajiri kilichokuwa kikiniamsha kuliko adhana. Nakosa unavyoniita "Kapteni" mbele ya watu kwa heshima kubwa kisha unaniambia nikaokote kuni. Nimetembea na watu wa kila taifa, nimekula kwenye meza zenye vitambaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinijua mimi ni mwongo na bado ananiambia soma tena. Ni wewe peke yako.

Basi nikuage, Mama. Ulale kwa raha, kaburi lako liwe pana, Mungu akupe kivuli na maji baridi. Na ninakuahidi, na hii naiandika polepole ili nisiteleze: nikimaliza kuandika nitakwenda kwa Riziki leo leo, kabla ya mvua, nimwambie yote barazani kwake, wenzake wakiwepo. Anifukuze, anitukane, ni haki yake. Kesho nitakwenda ng'ambo. Nikipewa vile viganja viwili sitavitia ardhini kwa mkono wangu, nitavimimina kwenye khanga ya Riziki, na nitakuwa kibarua wake: nitapalilia, nitaamia ndege, nitakaa juu ya dungu mpaka suke la mwisho liiname. Mwaka huu hatutakula Nyange hata punje. Wala mwaka ujao. Mpaka kila mwanamke aliyebisha hodi awe na yake.

Ni mimi mwanao,

Salimu

Mama, nimetia sahihi, na bado sijasema. Ile bahati niliyokuandikia mwanzo ni uongo. Juu ya uchaga hakuna mbegu. Kanda limejaa makapi, nimeyashindilia mwenyewe ili Riziki akitazama juu aone limevimba. Siku ya arubaini mchele ulikwisha na wageni wangu wa Diani walikuwa bado wameketi. Niliona haya ya sahani tupu kuliko nilivyokuonea haya wewe. Nilipanda uchagani, nikaiteremsha Nyange yote, nikaipakia kwenye pikipiki, nikaipeleka kukobolewa. Nilijua ni mbegu. Niliipika, nikawagawia watu, na mimi nikala sahani mbili.